Nyongeza ya Kaburi la Nkwimba

Ninyi mnaoanza kazi ya utendaji wa kijiji, na ninyi mliofungua vibanda vya kuchapa na kutoa kopi pale Nachingwea mjini, nisikilizeni kidogo. Hicho kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia maandishi kiwekeni mbali. Kwenye barua ya kuomba ruhusa ya ngoma kitumieni mtakavyo. Kwenye mkataba wa watu, hapana! Nimestaafu, lakini nikiona mkataba wa kupanga shamba umepakwa rangi nyeupe kama uso wa bwana harusi aliyezidisha poda, damu inanichemka bado.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chinguile, mtendaji niliyemkuta Lionja nilipoajiriwa. Alikuwa mkali, mfupi, na alikuwa hacheki mpaka siku ya soko. Aliniambia, "Binti, ukifuta neno, kesho kila mmoja atakuja kukuapia kwamba lililokuwa chini ya rangi ni lile analolitaka yeye." Mkataba ukibadilika hatufuti. Tunachukua karatasi nyingine, tunaandika juu yake kwamba hii ni nyongeza ya mkataba fulani, kati ya fulani na fulani, na kwamba yote yasiyotajwa hapa yanabaki kama yalivyokuwa. Kisha wote waliosaini mwanzo wanarudi na kusaini tena. Aliyekufa anawakilishwa. Aliyesafiri anasubiriwa. Basi.

Mtaniambia siku hizi mambo ni ya simu. Najua, nimeyaona. Mwenye shamba anaandika, "nimeongeza msimu mmoja," mpangaji anajibu kwa kile kidole gumba cha njano, mnasema wamekubaliana. Haya, siku wakigombana mtapeleka hilo gumba la njano baraza la kata? Gumba nililolizoea mimi lina wino na lina mistari, na mwenyewe yupo hapo akilifuta kwenye suruali.

Halafu someni kwa sauti. Yaani nasisitiza. Msomee kila mmoja, kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake, kwa lugha yake, Kimwera, Kimakonde, Kiyao, chochote. Huko ndiko utasikia kilichosahaulika. Pale Lionja tuliandika mkataba safi wa kukodisha mikorosho, bei ipo, misimu ipo, nani apalilie ipo. Wakati wa kurudia maneno, mke wa mwenye shamba akauliza, "Na mabibo ya nani?" Wanaume wakacheka. Mzee Chinguile hakucheka. Aliyekodi alikuwa anawaza korosho, mwenye shamba alikuwa anawaza korosho, lakini yale mabibo, matunda yanayobeba korosho, yakianguka chini ndiyo togwa, ndiyo mambo mengine ambayo kwa cheo changu siwezi kuyataja. Tukaandika nyongeza ya mabibo kabla wino wa mkataba wenyewe haujakauka. Yule mama aliondoka ananesa.

Sasa niwape jambo lenyewe. Katika miaka yangu yote ya kazi ni moja tu lililonifanya niione kalamu nzito mkononi, na lilitokea Chinongwe, nikiwa karibu kustaafu.

Kulikuwa na mwanamke wa makamo ya juu, Bi Somoe, mjane, Mmwera wa palepale. Alikuwa na shamba la mteremkoni, mikorosho juu, uwanda mzuri wa nyasi chini. Watoto wake wako mijini. Akaja Msukuma mmoja na ng'ombe wake, Shija, pamoja na mke, watoto, na mama yake mzazi aliyeitwa Nkwimba. Mnakumbuka wafugaji walipoanza kuingia huku, jinsi watu walivyokuwa wanawatazama. Bi Somoe akampangisha Shija ule uwanda wa chini, akae, afuge, alime mahindi yake. Mkataba niliuandika mimi. Nikaweka na kile kifungu ambacho huku kwetu hakikosekani: mpangaji hatapanda mti wa kudumu, hatajenga nyumba ya kudumu, wala hataweka kitu chochote cha kudumu ardhini. Mnajua sababu. Mtu akipanda mkorosho wake mmoja kwenye shamba lako, wajukuu zake watakuja kukuonyesha mkorosho.

Aliyekazania kifungu hicho alikuwa Mzee Saidi, kaka yake Bi Somoe. Kwa Wamwera, kama ilivyo kwetu Wamakua, ardhi inafuata upande wa mama. Shamba lile lilikuwa la mama yao, na bibi yao kabla yake. Bi Somoe ndiye anayelishika, lakini mjomba wa watoto ndiye msemaji. Kijana, ukiandika mkataba wa shamba huku kusini na mjomba hayumo, umeandika hewa. Mzee Saidi alisaini kwa herufi kubwa, karibu achane karatasi.

Wale wazee wawili wa kike, Somoe na Nkwimba, wakapendana. Msiniulize walikuwa wanaongea lugha gani. Nkwimba Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Somoe Kisukuma hajui hata salamu. Lakini maziwa yalikuwa yanapanda juu kwenye kibuyu na mihogo inashuka chini kwenye ungo, kila siku, na ukipita unasikia vicheko. Niliwahi kumuuliza Bi Somoe, "Mnaelewana kweli?" Akanijibu, "Mtendaji, wewe na mumeo mnaongea lugha moja, mnaelewana?" Nikageuza mazungumzo, maana alikuwa anajua mambo yangu.

Masika moja Nkwimba akafa. Mvua ilikuwa imekata njia, korongo limejaa, huendi wala hurudi. Kwao mtu mzima huzikwa nyumbani, karibu na zizi. Wakamzika pale, Bi Somoe mwenyewe akiwapo, amemfunika kwa khanga yake mpya aliyokuwa hajaifungua. Hakuna aliyewaza mkataba. Nani anawaza mkataba maiti ikiwa ndani?

Mzee Saidi hakuwapo, alikuwa amekwenda kutibiwa macho mjini. Mvua zilipopungua akarudi, akashuka shambani kuangalia mikorosho, akakuta tuta la udongo limezungushiwa mawe.

Weee! Asubuhi yake alikuwa ofisini kwangu kabla sijafungua dirisha, mkataba umo kwenye mfuko wa nailoni. "Soma kifungu," akasema. Nikasoma. "Rudia lile neno." Nikarudia, cha kudumu. "Haya niambie, Mtendaji. Chini ya jua hili kuna kitu cha kudumu kuliko kaburi?"

Ninyi mmeona kesi za ardhi zinavyokwenda. Mtu akifika barazani na kusema, "Babu yangu kalala pale," wajumbe wanageuza shingo wote. Kaburi linaongea kuliko hati. Mzee Saidi hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Aliona ardhi ya mama yake inaondoka, tena aliona imeondoka bila yeye kuambiwa. Akasema anataka Shija amfukue mama yake ampeleke anakojua, kisha aondoke na ng'ombe wake. Asipofanya hivyo, baraza la kata.

Nikamwita Shija. Mwanamume mrefu, wa kuinama mlangoni. Nilipomwambia aliuegemea mwimo wa mlango. Kisha akasema, "Mama, ng'ombe nitaondoa. Nyumba nitabomoa leo. Lakini mayu wangu nikimfukua, nitawaambia nini watu wa kwetu? Nitamwambia nini yeye?" Machozi yakamtoka, mtu mzima yule, na hakuyafuta.

Kwa hiyo nikaitisha kikao. Palikuwa na Bi Somoe, Mzee Saidi, Shija, mimi, na mashahidi wawili waliosaini mwanzo. Usiku kucha nilikuwa natunga vifungu kichwani. Kaburi liruhusiwe kwa muda wa mkataba. Ujinga huo, kaburi la muda! Kaburi lisihesabiwe kuwa umiliki. Hili lilikuwa na akili kidogo, na ndilo nililoanza nalo.

Mzee Saidi akalikataa hata sijamaliza. "Karatasi inaoza," akasema. "Mawe hayaozi. Wajukuu wa huyu watakuja na mawe, wajukuu zetu watakuja na karatasi iliyoliwa na mchwa. Nani atashinda?"

Jamani, alikuwa sahihi. Nikaweka kalamu chini.

Hapo ndipo Bi Somoe aliposema. Alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi muda wote anachambua ncha ya khanga yake. Akasema, polepole kabisa, "Kaka, shida yako ni kwamba kaburi ni la wageni?"

"Ndiyo."

"Basi liandikeni langu. Nkwimba ni ndugu yangu. Andikeni kwamba pale kalala mtu wa ukoo wetu. Kaburi likiwa letu, litatulindia ardhi yetu. Na Shija aruhusiwe kuja kumwona mama yake siku yoyote, mkataba uwepo usiwepo, yeye na watoto wake na watoto wao."

Nimehudhuria semina ngapi, nimeandika nyongeza ngapi, sikuwahi kufika hapo. Kifungu kile kilikuwa kinafunga kila mlango ambao Mzee Saidi alikuwa anaogopa, na hakimng'oi mtu.

Mzee Saidi akasema, "Somoe, yule hata Mwislamu hakuwa."

"Sijasema alikuwa shehe. Nimesema ni ndugu yangu."

Mashahidi walicheka, nami nikajifanya nakohoa. Lakini kicheko kilipopita, kazi yangu ikanigusa bega, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Mwandishi wa mkataba huandiki tu wanachosema. Unaangalia neno linakwenda wapi likishatoka nje ya ofisi. Nami nililiona neno lile linakokwenda. Nkwimba akiwa dada yake Somoe, basi ni dada yake Saidi pia. Na mtoto wa dada ni nani? Ni mpwa. Na kwa Wamwera, mali ya mjomba inakwenda kwa nani?

Nikasema, "Mzee Saidi, kabla sijaandika, ni wajibu wangu kukueleza. Ukikubali hilo, Shija anakuwa mpwa wako. Mpwa anarithi. Ulikuja hapa kulinda shamba lisichukuliwe na mgeni, na neno hili linaweza kumpa haki ambayo kaburi peke yake lisingempa."

Akanitazama na yale macho yake yaliyotoka kutibiwa, mekundu bado. "Mtendaji," akasema, "mimi ndiye mjomba. Unadhani hilo sikuliona dada yangu alipofungua mdomo? Nimelitazama muda wote huu mlipokuwa mnacheka."

Kisha akamgeukia Shija. Tangu kikao kianze hakuwa amemwambia neno, alikuwa anapitishia kwangu. "Mama yake mama yako alikuwa nani?"

Shija akashtuka. "Bibi mzaa mama? Sikumkuta, mzee. Jina lake silijui."

"Siwezi kumpokea mtu nisiyejua mama yake. Kwetu tunahesabu huko. Bila mama, nitakuwa nimepokea jina tu la mpita njia."

Makubwa hayo! Nikadhani yamekwama. Lakini Shija akachomoa simu, akatoka, akapanda kichuguu cha nyuma ya ofisi, maana mtandao wetu ulikuwa unapatikana pale tu. Wote tukamfuata, hata Mzee Saidi, tukasimama chini tukimtazama juu. Akampigia mama yake mdogo huko Usukumani, akaweka sauti ya nje. Wakaongea Kisukuma. Sisi hatuelewi kitu, lakini tulisikia yule mama anauliza, Shija anaeleza, anauliza tena kwa ukali, Shija anaeleza tena na sauti inakatika.

Mwishowe likatoka neno moja. "Kabula."

Shija akatuambia, "Bibi aliitwa Kabula. Mama mdogo alitaka kujua kwa nini watu wa mbali wanamtafuta mama yake. Nimemwambia wanataka kumzika dada yake vizuri."

Na yule mama huko aliko akapiga kigelegele. Kwenye simu ile ya bei rahisi kilitoka kama bati linakwaruzwa, lakini Bi Somoe alikipokea chini ya kichuguu akakirudisha, na mimi, mtumishi wa serikali mwenye sare ya kitenge, nikajikuta nalia mbele ya mashahidi. Sioni haya kuwaambia.

Tukarudi ndani. Nikaandika kwamba Nkwimba binti Kabula amepokewa na mjomba wa ukoo, kwamba kaburi lake ni kaburi la ukoo wenye ardhi, na kwamba watoto wake wana njia ya kufika hapo daima. Nikasoma kwa sauti. Bi Somoe akarudia kwa Kimwera, bila kukosea. Ikaja zamu ya Shija kurudia kwa maneno yake. Wengi wenu huishia kumwambia mtu anatoa nini. Mwambieni na anachopata, kwa sababu hata cha kupata mtu anaweza asikitake. Nikamweleza Shija maana ya mpwa huku kwetu, kwamba kwa mila anaweza siku moja kusimama na kudai fungu la shamba lile.

Akasimama, kichwa karibu kiguse dari. "Hapana, mama. Hilo ongeza. Andika kwamba mimi na wanangu hatutadai ardhi kwa sababu ya mayu. Tutaendelea kupanga kama tulivyopatana. Watoto wa Bi Somoe wasije kusema tuliwaletea maiti ili tupate shamba. Sisi tumepata ndugu. Andika hivyo hivyo."

Mzee Saidi akapiga benchi. "Ala! Mpwa gani huyu anamkatalia mjomba hata hajapewa?" Akamgeukia dada yake. "Somoe, huyu kweli wa kwetu. Mbishi vilevile."

Nikaandika yote mawili. Kwenye karatasi moja, mjomba anampokea mpwa na haki zake, na mpwa anaziacha kwa mkono wake. Najua kuna mwanasheria ataisoma aseme vifungu vinapigana. Vinapigana kweli. Mimi nimeshuhudia watu wakigombania ardhi tangu nikiwa msichana, wamechomeana nyumba, wamerogana, ndugu wa tumbo moja hawazikani. Siku ile tu ndiyo niliona watu wawili wanasukumiana ardhi, kila mmoja anamwambia mwenzake ibaki kwako. Nilikuwa naandika polepole, naogopa nisije nikaharibu kwa herufi mbaya.

Wakasaini. Shija akaweka gumba, mashahidi wakasaini, kila mmoja akapewa nakala, wakaondoka. Nami nikabaki nimekaa. Sijui nilikaa muda gani. Mzee wa chai akaja, akachukua vikombe, akaondoka, mimi nipo tu. Mpaka nilipotaka kuhifadhi nakala ya ofisi ndipo nikaona sijagonga muhuri. Hata nakala moja! Nyongeza nzito kuliko zote, nimeiachia iende haina muhuri wa kijiji.

Nikachukua muhuri na kile kibati cha wino, nikavifunga kwenye khanga, nikashika njia ya shambani. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuuma wakati ule. Nikapita juu kwenye mikorosho, nikateremka mpaka nyasi zinapoanzia, nikawaona.

Walikuwa pale kaburini. Shija na mkewe na watoto wamesimama upande wa zizi, Bi Somoe amekaa chini ameegemea mawe kama alivyokuwa anakaa na Nkwimba mwenyewe. Mzee Saidi alikuwa amevua viatu vyake, amechuchumaa, kiganja amekiweka juu ya udongo. Alikuwa anaongea, Kimwera, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na aliye ndani ya nyumba mlango ukiwa wazi. Anajitambulisha. Alitaja jina lake, la mama yake, la mama wa mama yake, akawataja wote waliolala katika ardhi ile mmoja mmoja na walipolala. Kisha akasema, "Dada, karibu. Mimi nilikuwa sipo ulipofika."

Nilisimama nyuma ya mkorosho nimeshika muhuri wangu. Lakini mbwa wa Shija akanibwekea, wote wakageuka.

"Mtendaji," Mzee Saidi akaniita, "kuna kilichobaki?"

"Muhuri, mzee. Nimesahau kugonga."

Akasogea akanipisha nafasi pale chini, karibu na mawe. "Njoo ugonge hapahapa," akasema. "Sasa ndiyo ndugu wote wapo."